Schillings: Mjerumani aliyempiga picha simba usiku kwa baruti na kioo

Leo mtu akiwa Wanging'ombe anatoa simu mfukoni, anapiga picha ishirini za ng'ombe mmoja, kumi na tisa anazifuta. Haimgharimu kitu.

Mwaka 1903, chini ya Kilimanjaro, picha moja ilikuwa kipande cha kioo. Kioo hicho kilisafiri kwa meli kutoka Ulaya, kikapanda kichwani mwa mpagazi, kikavuka mito na miiba. Kikidondoka, basi tena.

Mtu aliyekuwa na maboksi ya vioo hivyo aliitwa Carl Georg Schillings. Ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa duniani kuwapiga picha wanyamapori usiku, wakiwa huru porini, na kazi hiyo aliifanya kwenye ardhi ambayo sasa ni Tanzania.

Mtoto wa Düren

Schillings alizaliwa Desemba 11, 1865 mjini Düren, magharibi mwa Ujerumani. Kwao walikuwa na uwezo, shamba lao lilikuwa Gürzenich, na tangu ujana alipenda kuwinda. Wala hakuanza na kamera. Alianza na bunduki.

Afrika Mashariki aliifikia mara ya kwanza mwaka 1896, kwenye msafara wa Max Schoeller, mtu wa mji wake. Alinogewa. Hadi mwaka 1904 alikuwa amefanya safari nne, nyingi akizunguka Nyika ya Wamasai, mto Pangani na maeneo ya Kilimanjaro. Katika safari mojawapo aliugua sana, lakini akarudi tena.

Kilichomsumbua ni hiki: Ulaya walikuwa wanaona michoro tu ya simba na faru, mingi imechorwa na watu ambao mnyama mwenyewe wamemwona bustanini au akiwa amejazwa majani. Schillings alitaka mnyama halisi, mahali pake, bila mtu kumpanga.

Picha ilikuwa mzigo

Hapa inabidi kueleza kidogo, maana wengi wetu hata filamu ya kamera hatujawahi kuishika.

Negativu ya kioo ni bamba jembamba la kioo lililopakwa upande mmoja utando wa jelatini wenye chumvi za fedha. Mwanga ukiugusa, chumvi hizo zinabadilika. Bamba likipitishwa kwenye dawa gizani, taswira inatokea, lakini kinyume: cheupe kinakuwa cheusi na cheusi cheupe. Kutoka hapo ndipo unachapa picha kwenye karatasi.

Sasa peleka kitu hicho nyikani. Kikipata joto kali wakati wa kusafishwa, jelatini inalainika na kuteleza kama uji. Unyevu unaleta ukungu. Vumbi linakwaruza. Na mzigo wa mpagazi mmoja wa zama hizo ulikuwa kama kilo 30, kwa hiyo kila boksi la vioo lilimaanisha mwanaume mwingine wa kulibeba. Msafara wa Schillings ulikuwa na watu zaidi ya 100. Jalada la kitabu lina jina moja tu, lakini bila mabega ya hao wengine hakuna hata picha moja ingefika Ujerumani salama.

Usiku ulikuwa kazi nyingine kabisa. Kampuni ya Goerz ya Berlin ilimtengenezea kamera maalumu ya kazi hiyo. Mwanga ulitoka kwenye unga wa magnesi uliochanganywa na kemikali za kuuwasha kwa kishindo. Kwa lugha nyepesi, baruti ya mwanga. Ilikuwa na uwezo wa kuunguza mtu, si mchezo.

Mtego wenyewe ulikwenda hivi. Ng'ombe au punda anafungwa kama chambo karibu na maji au njia ya simba. Kamera inafichwa kwenye miiba, uzi unatandazwa. Simba akija, anagusa uzi, unga unalipuka, na kioo kinanasa sekunde ile ile.

Au hakinasi. Majaribio ya mwanzo yalimvunja moyo: unga ukapata unyevu, fisi akavuta uzi kabla ya simba, mvua ikanyesha. Alikusanya vioo vingi vya giza tupu kabla ya kupata simba wake. Lakini aliwapata, wakiwa wananyatia chambo, macho yanang'aa kama taa za gari barabara ya Makambako.

Kwa ng'ombe na punda waliofungwa pale, bila shaka, hadithi ilikuwa nyingine.

Twiga aliyetembea na tembo

Mchana alitumia lenzi ndefu ya kuvuta mbali. Mwaka 1903 aliona kitu ambacho angekisimulia kwa mdomo tu, angeitwa mwongo: tembo dume wawili wazee wanatembea na twiga dume, siku baada ya siku, kama marafiki. Alivizia kwa muda mrefu hadi ukungu ukaachia, akapiga.

Hapo ndipo thamani ya kioo inapoonekana. Kitabu chake cha kwanza, Mit Blitzlicht und Büchse, kilitoka Leipzig mwaka 1905 kikiwa na picha 302. Kwenye ukurasa wa kichwa kilitangaza kwamba picha zote ni za asili na zimechapwa kwa uaminifu kama hati. Hakuna kupaka rangi, hakuna kurekebisha. Makovu ya kioo yaliachwa yaonekane, maana ndiyo yaliyothibitisha kwamba hakuna fundi aliyekaa mezani akachora simba.

Kitabu kikavuma, kikatafsiriwa Kiingereza. Mwaka 1906 akatoa kingine, Der Zauber des Elelescho, jina lililotokana na neno la Kimasai la kichaka cha mleleshwa.

Mwaka huo huo wa 1905, wakati wasomaji wa Berlin wanashangaa simba wa usiku, kusini mwa koloni vita vya Majimaji vilikuwa vinawaka. Septemba misheni ya Yakobi, Njombe, ilishambuliwa. Vitabu vya Schillings vinaonyesha nchi ya nyika na wanyama, karibu haina watu wenye madai yao. Anayezitazama picha zile leo akumbuke kwamba kamera ilielekezwa upande mmoja.

Bunduki na machozi

Schillings hakuwa malaika wa wanyama. Aliua faru, tembo, simba, akapeleka ngozi na mafuvu Berlin kwenye Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Alimkamata mtoto wa faru, akampa mbuzi wa kumliwaza, na akampeleka hai hadi bustani ya wanyama ya Berlin. Jina la kitabu chake lenyewe linaunganisha mwanga wa fleshi na bunduki.

Lakini ni yeye huyo huyo aliyeandika mapema kwamba wanyama hawa wanaisha, kwa sababu ya biashara ya pembe na uwindaji usio na mipaka. Aliporudi Ulaya alipambana pia na biashara ya manyoya ya ndege, wakati wanawake wa mijini walivaa kofia zenye ndege wazima. Ni rahisi kumwita mnafiki. Hata hivyo, ushahidi wake ulikuwa na nguvu kwa sababu aliyaona mauaji akiwa ndani yake.

Kioo kwenye skana

Kazi za watu kama yeye sasa zinafufuliwa na skana. Na hapa kuna mtego kwa yeyote mwenye boksi la vioo vya zamani, iwe parokiani, kwenye usharika au studio ya babu.

Upande unaong'aa unaweza kufutwa taratibu. Upande wenye utando haufutwi kwa maji wala kitambaa, maana picha ndiyo hiyo, ukiisugua umeiondoa. Kioo kinashikwa kingo, kwa glavu. Kilichovunjika hakigundishwi kwa gamu: vipande vinapangwa juu ya kioo kingine kisafi, vinaskaniwa hivyo hivyo, na kuunganishwa kwenye kompyuta. Skana yenyewe lazima ipitishe mwanga ndani ya kioo, ile ya kawaida ya kutoa kopi za vyeti haitoshi. Baada ya hapo kila bamba linalala kwenye bahasha yake isiyo na asidi, limesimama wima, si kurundikwa kama sahani za harusi.

La muhimu zaidi: skani ya kwanza inahifadhiwa kama ilivyo, na mikwaruzo yake. Usafishaji unafanywa kwenye nakala. Programu za simu zinazolainisha kila kitu zingemfanya simba wa Schillings aonekane wa juzi, na zingefuta kile alichokipigania: uthibitisho kwamba hakuna mkono uliopita.

Vitabu vyake vimeskaniwa na vinasomeka bure kwenye Internet Archive. Ila ukivuta picha kwa vidole utaona madoadoa. Hayo ni ya mashine ya uchapaji ya 1905. Kioo chenyewe kilibeba undani mwingi kuliko hapo.

Schillings alifariki Berlin Januari 29, 1921, akiwa na miaka 55. Koloni alilolipiga picha lilikuwa tayari mikononi mwa Waingereza, likiitwa Tanganyika. Jina lake limebaki kwa fisi miraba wa Afrika Mashariki, aliyepewa jina la kisayansi la schillingsi.

Mtego wake nao haujafa, umebadilishwa tu: uzi umekuwa kihisi joto, kioo kimekuwa kadi ya kumbukumbu. Mwaka 2005, kamera ya kutega kwenye milima ya Udzungwa ilinasa mnyama mdogo mwenye pua ndefu na uso wa kijivu. Alikuwa sengi wa aina ambayo sayansi haikuwa imewahi kuiandika.