Mtakatifu Jeanne Jugan, mama wa wazee

Leo nawaletea mama ninayempenda sana: Jeanne Jugan, aliyezaliwa Cancale, Ufaransa, mwaka 1792. Baba yake mvuvi alipotelea baharini yeye akiwa mdogo. Alichunga ng'ombe, baadaye akafanya kazi za ndani na za hospitali.

Majira ya baridi ya 1839, mjini Saint-Servan, alimchukua bibi mmoja kipofu asiye na wa kumtunza. Akampa kitanda chake, yeye akahamia darini. Jamani, kitanda chake mwenyewe! Wakaja wengine, na mwaka 1841 ikabidi apange nyumba kubwa zaidi.

Baadhi ya bibi hao walizoea kuombaomba barabarani, wazee hivyo, baridi ile. Jeanne akawauliza ni nani huwa wanawapa, akabeba kikapu, akaenda kuomba yeye badala yao. Hapo ndipo ninapomkubali. Paa peke yake halikumtosha. Aliwaondolea hatari na aibu, akawatafutia sufu ya kusokota wasijione mzigo.

Mwaka 1843 masista walimchagua tena kuwa mkuu wao, lakini padre msimamizi akamwondoa. Hakugombana. Miaka yake 27 ya mwisho aliishi pembeni tu, na manovisi wengi hawakujua kwamba ndiye mwanzilishi. Alifariki 1879, na Papa Benedikto XVI akamtangaza mtakatifu mwaka 2009.

Masista wake wanatunza wazee hata Kasarani, Nairobi. Nyumba yenyewe inaitwa Nyumba ya Wazee. Wa Nairobi, mnapajua?