Bobby Jones: Hasira ilimtoa St Andrews, akili ikamrudisha

Huenda wewe gofu unaiona kama mchezo wa wadosi tu: wazee wenye kofia nyeupe wakifuata mpira mdogo kwenye nyasi ambazo hata kuzikanyaga huruhusiwi. Sikulaumu. Lakini leo nivumilie kidogo, nikusimulie habari za Bobby Jones. Kisa chake kinamhusu yeyote aliyewahi kukasirika akaharibu kazi yake kwa mikono yake mwenyewe.

Jina lake kamili ni Robert Tyre Jones. Alizaliwa Machi 17, 1902, jijini Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani. Utotoni alikuwa mtu wa kuuguaugua. Familia yake ilipohamia karibu na klabu ya gofu ya East Lake, kijana akapata uwanja wa kuchezea. Hakuketishwa chini kufundishwa. Alimfuata tu mwalimu wa klabu hiyo, Mskoti aliyeitwa Stewart Maiden, akamtazama anavyopiga, kisha akaenda kuiga. Ni vile tu wewe unavyoiga staili ya dansi ukiitazama kwa simu.

Mwaka 1916, akiwa na miaka 14 pekee, alishinda ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Georgia. Mwaka huo huo akaingia mashindano ya kitaifa ya ridhaa, U.S. Amateur, kwenye uwanja wa Merion karibu na Philadelphia, akafika robo fainali. Watu wazima walishika vichwa. Huyu mtoto ametoka wapi?

Kipaji alikuwa nacho. Shida ilikuwa moto wa kichwani. Mkwaju ukienda vibaya, fimbo ilirushwa. Kwa miaka saba hivi alishiriki mashindano makubwa bila kushinda hata moja, na si kwa sababu wapinzani walimzidi ufundi.

Sasa twende Scotland, mwaka 1921. Jones ana miaka 19 na anacheza British Open kwenye Old Course, uwanja mkongwe wa mji wa St Andrews. Huu uwanja hebu uelewe vizuri, maana ndio mwalimu wake halisi.

Ukisimama pale mwanzo, unaona uwanda tambarare kando ya bahari. Unasema, hii ni rahisi. Kumbe umetegwa. Kuna bunka zaidi ya 100, yaani mashimo ya mchanga, na nyingi huzioni hadi mpira wako uwe umeshatumbukia. Grini, ile sehemu ya nyasi laini yenye bendera, ni 11 tu kwa mashimo 18, kwa sababu saba kati ya hizo hutumiwa na mashimo mawili mawili. Ukijumlisha nambari za mashimo yanayotumia grini moja, jibu ni 18 kila mara: la 2 na la 16, la 3 na la 15, na kadhalika. Halafu kuna upepo. Njia iliyokuwa nzuri asubuhi, mchana inaweza kukumaliza.

Jones hakuujua uwanja huo, na hakuwa na subira ya kuujua. Katika raundi ya tatu alitumia mikwaju 46 kwa mashimo tisa ya kwanza. Kwa mchezaji wa kiwango chake, hiyo ni aibu. Shimo la 10 likamwendea vibaya pia. La 11 ni fupi, lakini grini yake imeinama sana, mbele kuna bunka mbili za kutisha, na nyuma kuna mlango wa mto Eden. Mpira wake ukaingia kwenye mchanga. Akahangaika nao, kisha akauokota, akauweka mfukoni. Mashindano yakaishia hapo kwake. Kuacha katikati ni jambo ambalo kwenye gofu husahauliki nalo.

Funzo lenyewe halikuingia mara moja. Miezi michache baadaye, kwenye U.S. Amateur mjini St. Louis, alirusha fimbo kwa hasira, ikamgonga mwanamke mmoja mguuni. Rais wa chama cha gofu cha Marekani akamwandikia barua: bila kuitawala hasira yake, hangecheza tena kwenye mashindano yao. Hebu fikiria. Una kipaji kuliko karibu kila mtu nchini, na bado uko karibu kufungiwa mlango.

Hapo ndipo Jones alipobadilisha mchezo wake. Hakubadilisha mikono, alibadilisha anayeshindana naye. Aliacha kucheza dhidi ya mtu aliye mbele yake, akaanza kucheza dhidi ya kiwanja chenyewe na hesabu yake, ile idadi ya mikwaju ambayo kila shimo limewekewa. Mpinzani akifanya maajabu, wewe tulia. Shimo likikuharibikia, lisamehe, kuna lingine mbele.

Na kiwanja kama Old Course kinataka usome shimo kutoka mwisho kuja mwanzo. Kwanza unauliza: bendera iko wapi leo, na upande gani wa grini ni salama? Kisha: ili nifike hapo, mpira wangu utulie wapi kabla ya hapo? Mwisho kabisa ndipo unachagua fimbo. Kwenye la 11 hutaki kuwa juu ya shimo, maana mteremko utaubeba mpira. Unataka kuwa chini yake, hata kama ni mbali kidogo.

La 14 ni refu. Kulia kuna ukuta, ukiuvuka umeadhibiwa. Mbele inakusubiri bunka kubwa iitwayo Hell, yaani Jehanamu. Kijana mwenye hasira atataka kuiruka. Mwenye akili anaweza kupiga kushoto, hadi kwenye nyasi za shimo la 5, akaizunguka Jehanamu bila hata kuisalimia.

La 17 huitwa Road Hole, kwa sababu nyuma ya grini kuna barabara. Mbele yake kuna bunka yenye kina inayomeza mpira. Ukitaka makuu unalenga bendera moja kwa moja. Ukitaka kesho, unauweka mpira mbele ya grini upande wa kulia, kisha unausogeza taratibu. Unapoteza mkwaju mmoja labda, lakini hupotezi mitano.

Tangu 1923, aliposhinda U.S. Open pale Inwood, New York, mlango ulifunguka. Lakini ukitaka kujua kama alikuwa amebadilika kweli, tazama U.S. Open ya 1925. Alipokuwa akijiandaa kupiga, mpira ukasogea kidogo sana. Hakuna mwingine aliyeuona. Maafisa walikuwa tayari kumwachia. Yeye akajiongezea mkwaju wa adhabu. Mwishowe alifungana kwa pointi na Willie Macfarlane, wakarudia, na Jones akashindwa kwa mkwaju mmoja. Ule ule mmoja. Safari hii hakuna fimbo iliyoruka.

Mwaka 1927 akarudi St Andrews kwa British Open. Uwanja ule ule, bunka zile zile. Raundi ya kwanza alicheza mikwaju 68. Jumla yake ilikuwa 285, rekodi ya mashindano hayo wakati huo, na akashinda kwa tofauti ya mikwaju sita. Umati ukambeba mabegani. Kombe akaomba libaki pale pale St Andrews.

Kisha ukaja 1930. Alianza na British Amateur, tena St Andrews. Raundi moja dhidi ya Cyril Tolley ilienda hadi shimo la 19 la kuamua mshindi, na Jones akapenya kwa tundu la sindano. Katika fainali alimshinda Roger Wethered. Akaongeza British Open pale Hoylake, U.S. Open pale Interlachen, na Septemba akamaliza na U.S. Amateur pale Merion, pale pale alipoanzia akiwa na miaka 14. Mataji makubwa yote manne ya enzi hiyo, mwaka mmoja. Na muda huo wote hakuwa akilipwa kucheza: alikuwa wakili, mwenye shahada za uhandisi kutoka Georgia Tech na fasihi ya Kiingereza kutoka Harvard. Akiwa na miaka 28, na mataji 13 makubwa, akastaafu.

Alichojifunza alikigeuza kuwa udongo na nyasi. Pamoja na mchoraji viwanja Alister MacKenzie, ambaye pia aliijua Old Course ndani nje, alijenga Augusta National huko Georgia. Mashindano ya kwanza, ambayo leo ni Masters, yalifanyika 1934. Shimo la 13 ni St Andrews tupu: kuna kijito mbele ya grini, na kila mchezaji lazima aamue kama atakivuka sasa hivi au atasubiri. Lakini tusifiche jambo: klabu hiyo haikuwa na mwanachama mweusi hadi 1990. Aliyejua kuwapa wachezaji njia nyingi kwenye nyasi alianzisha klabu ambayo lango lake lilifungwa kwa wengi.

Mwaka 1948 alipatikana na ugonjwa wa uti wa mgongo ulioitwa siringomielia. Ulimnyang'anya miguu polepole, kwanza akashika fimbo ya kutembelea, kisha akaketi kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1958 mji wa St Andrews ulimpa heshima ya kuwa raia wake. Mmarekani wa mwisho kuipata kabla yake alikuwa Benjamin Franklin, karibu miaka 200 awali. Alipotoka ukumbini, watu wakamwimbia wimbo wa Kiskoti wa kumuaga.

Alifariki Desemba 18, 1971, jijini Atlanta. Ukienda Old Course leo utakuta shimo la 10 linaitwa Bobby Jones. Ukilimaliza, unalofuata ni la 11, lile alilookota mpira akiwa na miaka 19. Kabla hujapiga, angalia kwanza bendera iko wapi.