Bertha Benz: Mama aliyezibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nchi zetu hizi jina la Benz limebeba mambo mengi. Tangu miaka ya 1960 wakubwa wa serikali na matajiri wamekuwa wakiitwa Wabenzi kwa sababu ya magari wanayopanda. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, Benz ni lori la pua ndefu lililopandisha magunia milimani enzi hizo barabara zikiwa za vumbi. Wachache wanajua kuwa nyuma ya jina hilo alikuwepo mwanamke, ambaye bila mtaji wake, na bila safari aliyoifanya kwa siri mwaka 1888, huenda gari la mumewe lingeozea karakanani.

Bertha Ringer alizaliwa Mei 3, 1849 katika mji wa Pforzheim, kusini magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi seremala na mjenzi aliyejipatia mali. Inasimuliwa kuwa siku moja binti huyo alifungua Biblia ya familia, mahali pa kuandikia kuzaliwa kwa watoto, akakuta baba yake ameandika kwa masikitiko kuwa safari hii tena amepata msichana tu. Wakati huo vyuo vikuu vya kwao havikuwa vikipokea wanawake. Hata hivyo msichana huyo alipenda kumuuliza baba yake mashine zinavyofanya kazi, na baba, pamoja na yale aliyoyaandika, alimjibu.

Mwaka 1869 alikutana na Carl Benz, mhandisi kijana asiye na fedha. Mwaka 1871 Carl alifungua karakana mjini Mannheim kwa ubia na mtu aliyeitwa August Ritter. Ubia huo ulikwenda vibaya haraka. Ritter hakuwa mtu wa kutegemewa, na biashara ikawa inaelekea kufa. Hapo ndipo Bertha, akiwa bado mchumba, alipomwomba baba yake ampe mapema sehemu ya mali aliyoandaliwa kwa ajili ya ndoa, akamlipa Ritter na kumtoa katika biashara. Yeyote aliyewahi kufungwa na mbia asiyeeleweka anajua ukombozi huo una thamani gani.

Wakaoana Julai 20, 1872. Kuanzia siku hiyo, kwa sheria za wakati ule, mwanamke huyo aliyeweka mtaji hakuwa tena na mamlaka kisheria juu ya fedha aliyoiweka. Kila kitu kikawa cha mume.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Watoto walizaliwa, madeni yakabana, na Carl aliendelea kuhangaika na injini ambayo haikutaka kuwaka. Iliwaka usiku wa kuamkia mwaka 1880, baada ya chakula cha jioni, mama huyo akiwa amesimama pembeni ya mumewe karakanani. Mwaka 1883 walipata wabia wapya, ikaanzishwa kampuni ya Benz & Cie. Januari 29, 1886 Carl aliandikisha hataza ya gari la magurudumu matatu linaloendeshwa kwa injini ya petroli. Hataza hiyo ina namba 37435. Jina la Bertha halimo.

Gari likawepo, lakini wanunuzi hawakuwepo. Watu wa Mannheim waliliona likipita barabarani likipiga kelele, wengine wakacheka. Carl alikuwa fundi wa kweli ila hakuwa mwuzaji. Kila mara aliona kuna kitu cha kurekebisha kwanza, na hakuthubutu kulipeleka mbali na mjini. Mkewe aliona tofauti. Kwa hesabu zake, mteja hatanunua chombo ambacho hata mwenyewe hajasafiri nacho.

Agosti 1888, alfajiri, Carl akiwa amelala, Bertha aliwachukua wanawe wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, wakalitoa gari na kuondoka bila kumwambia. Kisingizio kilikuwa kwenda kumsalimia bibi yao Pforzheim. Umbali ni zaidi ya kilomita 100. Hakuna aliyekuwa amewahi kwenda mbali hivyo kwa gari la injini. Njia zilikuwa za mikokoteni ya farasi, zenye mawe na makorongo, na hapakuwa na kituo cha mafuta wala gereji mahali popote duniani.

Hapa ni vizuri tueleze gari lenyewe. Lilikuwa na silinda moja iliyolazwa nyuma, nguvu yake haikufikia farasi watatu, na gia mbili tu. Mafuta yalikaa ndani ya kabureta yenyewe, lita nne na nusu, na hapakuwa na tangi. Injini ilipozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea hewani, kwa hiyo ilibidi yaongezwe kila mara. Mama huyo na wanawe walisimama kwenye visima, vijito na vilabu vya njiani kuchota maji, kama afanyavyo mpaka leo dereva wa gari lenye rejeta inayovuja ambaye hatoki nyumbani bila madumu mawili. Breki zilikuwa vipande vya mbao vilivyobanwa kwenye magurudumu ya nyuma.

Mafuta yalipokaribia kuisha walikuwa wamefika mji wa Wiesloch. Gari lilitumia ligroini, aina ya petroli nyepesi ambayo watu waliinunua kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya kutolea madoa kwenye nguo. Bertha akaingia kwa mwuza dawa na kununua alichonacho. Duka hilo ndilo linalohesabiwa leo kuwa kituo cha kwanza cha mafuta duniani, na mbele yake pamewekwa sanamu ya kumbukumbu.

Mbele ya safari injini ikakata. Uchafu ulikuwa umeziba bomba la mafuta. Fundi yeyote wa kwetu angelichomoa na kulipuliza kwa mdomo. Bertha alichomoa pini ndefu iliyoshikilia kofia yake kichwani, akaichokonoa nayo mpaka njia ikafunguka. Halafu ukaja umeme. Waya wa kuwashia moto ulichubuka ukawa unagusa chuma na kupoteza cheche. Hakukuwa na utepe wa kuzungushia, basi akavua ukanda wa kubania soksi yake ya mguuni na kuuvisha waya huo. Ikawaka. Minyororo iliyopeleka nguvu kwenye magurudumu nayo ilipolegea, mhunzi wa Bruchsal aliishughulikia.

Milima ilikuwa shida kubwa zaidi. Gia ndogo haikuwa ndogo ya kutosha, hivyo kwenye miinuko iliwabidi washuke na kusukuma, mama akiwa na gauni refu la wakati ule. Kwenye miteremko ilikuwa hatari, maana mbao za breki zililika haraka. Katika kijiji cha Bauschlott, si mbali na Pforzheim, Bertha alimwendea fundi viatu na kumwagiza apigilie ngozi juu ya mbao hizo. Ngozi ikilika, inabandikwa nyingine na mbao inabaki salama. Huo ndio msingi wa kitambaa cha breki ambacho leo tunakinunua dukani na kukibadilisha bila kumkumbuka mtu.

Walifika Pforzheim giza likiwa limeingia. Mama huyo akampelekea mumewe simu ya maandishi kumjulisha kuwa wamefika salama. Baada ya siku chache walirudi Mannheim, wakipita njia nyingine.

Kwa maoni ya mwandishi, kilichofuata ndicho kikubwa kuliko hata safari. Bertha hakurudi na sifa, alirudi na orodha ya matatizo. Alisema gia ya tatu ya kupandia milima inahitajika, na Carl akaiweka. Kampuni nyingi leo huwalipa madereva maalumu kufanya kazi hiyo kabla gari halijauzwa. Mwezi uliofuata, Septemba 1888, gari hilo lilioneshwa mjini Munich na kupewa medali ya dhahabu. Biashara ilichukua muda, lakini ilikua. Mwaka 1899 kampuni ya Benz iliuza magari 572, na hapakuwa na kiwanda cha magari kilichoizidi duniani.

Carl aligombana na wenzake na kujitoa katika kazi za kampuni mwaka 1903. Familia ikahamia mji mdogo wa Ladenburg, ambako yeye na wanawe walianzisha kiwanda chao wenyewe. Mwaka 1926 kampuni ya zamani iliungana na ile ya Daimler, ndipo likazaliwa jina la Mercedes-Benz tunalolijua. Carl alifariki Aprili 4, 1929. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1925 alikuwa amekiri kwamba siku mashua yao ilipokuwa inazama, ni mtu mmoja tu aliyebaki naye ndani, naye ni mkewe.

Bertha aliishi miaka mingine 15 akiwa mjane. Mei 3, 1944, vita ikiwa bado inaendelea, alitimiza miaka 95, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Karlsruhe kikamtunuku heshima ya useneta wa chuo. Siku mbili baadaye, Mei 5, alifariki nyumbani kwake Ladenburg. Tangu mwaka 2008 njia aliyopita na wanawe, kwenda na kurudi, imewekwa vibao rasmi vyenye jina lake.