AHMAD URABI PASHA WA MISRI

Ndugu Waislamu, wachache katika ardhi ya Misri waliotajwa kwa mema na kwa mabaya kama alivyotajwa Ahmad Urabi Pasha. Wako wamwitao shujaa aliyewatetea wanyonge, na wako wamwitao asi aliyemtokea mtawala wake akawavutia Waingereza nchini. Mwenye kutaka kuhukumu baina ya kauli mbili hizi yampasa kwanza ayajue maisha yake kwa mpango, kisha ajiulize: ni nani hasa aliyemfungulia mgeni mlango?

Urabi alizaliwa mwaka 1841 katika kijiji kimoja cha jimbo la Sharqiyya, karibu na mji wa Zagazig. Baba yake alikuwa mkubwa wa kijiji, mtu wa dini, naye akafariki mwanawe angali mdogo. Mtoto alihifadhi Kur'ani, kisha akapelekwa msikiti wa Azhar kusoma, akakaa huko miaka michache. Wakati huo aliyetawala ni Said Pasha, naye aliamuru wana wa wakubwa wa vijiji waingizwe jeshini. Urabi akaingia akiwa kijana wa miaka 13 hivi, na kabla hajapita sana miaka 20 alikwisha kuwa afisa mkubwa. Lakini Said alipokufa, vyeo vya juu vikarejea mikononi mwa Waturuki na Wacherkasi, watu wa asili ya milima ya Kaukasi, nao wakimdharau mwana wa mkulima wa Misri hata akiwa na akili na ushujaa kiasi gani. Urabi akakaa miaka mingi bila kupandishwa cheo.

Baada ya Said akatawala Ismail, aliyepewa na Sultani wa Uturuki jina la Khediwi. Ismail alijenga reli, mifereji, shule na majumba ya fahari, na katika siku zake, mwaka 1869, ukafunguliwa mfereji wa Suez. Lakini alijenga kwa mali ya kukopa, na mkopo wenyewe ni wa riba. Akataka na dola kubwa ya Afrika. Hata mwaka 1875 meli zake zilifika Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Sayyid Barghash wa Unguja, zikaishika mpaka Waingereza walipomshurutisha aondoke. Mwaka huo huo, kwa dhiki ya madeni, aliwauzia Waingereza hisa zake za mfereji kwa pauni karibu milioni 4. Hayo hayakumwokoa. Deni lilikaribia pauni milioni 100, na mwaka 1878 Mwingereza akawekwa waziri wa fedha wa Misri, na Mfaransa waziri wa kazi za umma. Ismail alipojaribu kuwatoa, dola za Ulaya zilimshikilia Sultani mpaka akamuuzulu mwaka 1879, akakaa mwanawe Tawfiq.

Tafakari, ewe msomaji: wakati huo Urabi hajainua sauti yake hadharani, wala haujatokea uasi wowote wa watu, na tayari mgeni ameketi katika hazina ya Misri. Kwa kanuni iliyotolewa mwaka 1880, karibu nusu ya mapato yote ya nchi ilitengwa kwa kulipa wadai. Mkulima akatozwa kodi hadi akauza ng'ombe wake, na askari wakapunguzwa na kukosa mishahara, ili wenye kukopesha wa London na Paris wapate faida zao kwa wakati.

Mwanzoni mwa mwaka 1881 Urabi na maofisa wenziwe wawili walipeleka barua ya mashtaka juu ya waziri wa vita, Uthman Rifqi, Mcherkasi aliyewafungia Wamisri njia ya vyeo. Wakaitwa kwa hila katika kambi ya Qasr al-Nil, wakakamatwa. Askari wao wakaja kwa nguvu wakawatoa, na waziri akaondolewa. Toka siku hiyo watu wa kila namna, wenye ardhi, wafanya biashara, wanazuoni na wakulima, wakamtazama Urabi kama msemaji wao.

Tarehe 9 Septemba 1881 Urabi aliongoza vikosi hadi uwanja wa jumba la Abdin, Kairo. Khediwi akawateremkia, na pembeni mwake yuko Mwingereza mdhibiti wa hesabu akimpa shauri la kufanya. Urabi akashuka katika farasi wake, akaurejesha upanga alani, akaeleza haja tatu: serikali ya Riyad Pasha iondoke, liitishwe baraza la wajumbe wa nchi, na jeshi liongezwe hadi askari 18,000. Hakutaka kiti cha Khediwi wala roho yake. Tawfiq akakubali, Sharif Pasha akawa waziri mkuu, na baraza likakutana kabla mwaka haujaisha.

Lakini wajumbe walipotaka haki ya kuiangalia fedha ya nchi yao, Uingereza na Ufaransa zilishtuka. Mwezi wa Januari 1882 zikapeleka waraka mmoja wa pamoja kwamba ziko nyuma ya Khediwi. Waraka huo ulikusudiwa kuwatisha watu, nao ukawakasirisha. Sharif akajiuzulu, na mwezi wa Februari ikasimama serikali ya Mahmud Sami al-Barudi, mshairi mashuhuri, na Urabi akawa waziri wa vita. Sheikh Muhammad Abduh hapo kwanza alihofia haraka ya wanajeshi, akiona elimu ndiyo itangulie. Lakini nchi ilipohujumiwa alisimama pamoja na watu wake.

Mwezi wa Mei manowari za Waingereza na Wafaransa zilitia nanga Iskandaria, na mabalozi wakataka Urabi atolewe nchini. Tarehe 11 Juni fitina ikazuka mjini, wakauawa Wazungu wapatao 50 na Wamisri wengi kuliko hao. Baadaye mwezi huo huo mabalozi wa dola kubwa walikutana Istanbul wakatia sahihi ahadi kwamba hapana dola itakayojitafutia ardhi wala faida ya peke yake katika Misri. Wino haujakauka, tarehe 11 Julai, manowari za Waingereza zikaipiga Iskandaria mizinga kutwa nzima, kwa hoja kwamba Wamisri wanatengeneza ngome zao. Mji ukaungua. Wafaransa walikwisha ondoa meli zao. Hawakutaka vita, wala hawakumzuia mwenzao.

Basi hapo ndipo Tawfiq alipochagua. Mji wake ungali unafuka moshi, alijitia katika himaya ya Waingereza, akamwandika Urabi kuwa ni asi. Huko Kairo likakutana baraza kubwa la wanazuoni, wakuu wa nchi, hata patriarki wa Wakopti na mkuu wa Mayahudi, wakamthibitisha Urabi katika kazi yake ya kuilinda nchi. Wengine wakapungua moyo. Muhammad Sultan Pasha, aliyekuwa mkuu wa baraza la wajumbe, akamwendea Khediwi. Na pigo lililowauma Waislamu kuliko mizinga lilitoka Istanbul mwanzoni mwa Septemba, pale Sultani Abdulhamid alipotangaza kwamba Urabi ni asi, katika saa ambayo askari wa kigeni wamekwisha teremka katika ardhi ya Misri.

Urabi aliwazuia Waingereza njia ya Kafr al-Dawwar kwa wiki nyingi. Kosa lake lilikuwa mashariki. Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyeuchimba mfereji, alimhakikishia kwamba Suez haitaingiwa na vita, naye akachelewa kuufunga. Mwezi wa Agosti jemadari Wolseley akapita hapo hapo na jeshi lake, pamoja na vikosi kutoka Bara Hindi. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Septemba walitembea gizani, na alfajiri wakaishambulia kambi ya Tel el-Kebir. Vita havikuchukua muda mrefu. Wamisri walikufa kwa mamia, na Waingereza waliouawa hawakufika 100. Kesho yake Kairo ikaingiwa, na Urabi akajisalimisha.

Walikuwako waliotaka auawe upesi. Mwingereza mmoja, Wilfrid Scawen Blunt, aliyechukizwa na dhuluma ya dola yake, akamtafutia mawakili kwa gharama yake. Mwezi wa Desemba akahukumiwa kufa, na papo hapo hukumu ikageuzwa kuwa kuhamishwa. Yeye na wenzake sita, Barudi mmoja wao, wakapelekwa kisiwa cha Ceylon, kiitwacho leo Sri Lanka. Sheikh Muhammad Abduh naye akafukuzwa Misri, akaenda Beirut, kisha Paris alikotoa jarida pamoja na Jamal al-Din al-Afghani. Katika mkondo huo wa fikira ndimo lilimotoka al-Manar la mwanafunzi wake Rashid Rida, lililosomwa hata Mombasa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Huko ugenini Urabi hakukaa bure. Aliona Waislamu wa kisiwa wanaikimbia elimu ya kisasa kwa kuchelea watoto wao kupotea, akawahimiza wasome dini na dunia pamoja. Mwaka 1892 ikafunguliwa Colombo madrasa ya Zahira, naye akiwa miongoni mwa walioiunga mkono. Ipo hadi leo. Mwaka 1901 akaruhusiwa kurejea kwao, mzee wa miaka 60. Vijana wa siasa walimpokea kwa ubaridi, wakimlaumu kwa kushindwa. Akafariki Kairo mwezi wa Septemba 1911. Waingereza waliosema kwamba wamekuja kwa muda tu, askari wao wa mwisho wa ukalio huo waliondoka mwaka 1956, yaani baada ya miaka 74.

Basi tumwiteje? Kwamba alikosea katika vita, hilo halikanushiki. Aliliamini neno la mgeni juu ya mfereji pahali pa kujihadhari. Lakini mlango wa Misri haukufunguliwa na Urabi. Ufunguo wa kwanza ni deni la riba alilolichukua mtawala bila kumshauri yeyote, na wa pili ni Khediwi kuwakimbilia wageni kuliko kuwasikiliza raia zake. Dola za nje hazikuuliza ni nani mwenye haki. Ziliuliza ni nani atakayelipa deni na kuiacha wazi njia ya Hindi. Huyo zikamwita mtawala wa halali, na mwingine zikamwita asi.

Kwa hiyo Waislamu tusiyachukue majina ya watu kama tulivyopewa na walioshinda. Na sisi wenye kusimamia vyama, misikiti na mali ya wakfu, tuanze hapa hapa kwetu: tushauriane kabla ya kutumia, tutoe hesabu kabla ya kuulizwa, na tusitie rehani kilicho cha watu wote. Mwenyezi Mungu amrehemu Ahmad Urabi, amsamehe alipoteleza, na atujaalie tuwe wenye kuzingatia. Amin.