Ivan Pavlov: mbwa wa maabara na somo kwa wafugaji wa ghorofani

Galerie d'Ixelles ni ujia wa maduka wenye paa, unaounganisha barabara mbili za Brussels, Chaussée d'Ixelles na Chaussée de Wavre. Ujia huo ndio moyo wa mtaa wa Matonge, ulioazima jina lake kutoka Kinshasa na ambao tangu miaka ya 1960 umekuwa kituo cha Waafrika nchini Ubelgiji. Chini kuna saluni za kusuka nywele na maduka ya vitenge na vyakula vya nyumbani. Katika majengo ya jirani watu huishi ghorofani, katika fleti zisizo na ua wala bustani.

Katika makazi ya namna hiyo ndipo Mwafrika Mashariki anayeamua kufuga mbwa hukutana na tatizo ambalo nyumbani hakulijua. Kijijini, na hata katika mitaa mingi ya Nairobi, Bukavu au Dar es Salaam, mbwa hulala nje na hujisaidia nje, wala hakuna anayehitaji kumfundisha. Ghorofani, mtoto wa mbwa hukojoa juu ya zulia asubuhi, jikoni mchana na kando ya kitanda usiku. Kwa familia ya Kiislamu yenye asili ya pwani jambo hilo halihusu harufu peke yake, bali pia tohara ya mahali pa kuswalia. Mwenye nyumba hulalamika, majirani hununa, na mara nyingi kinachofuata ni kofi, au kijibwa kushikwa shingo na kusuguliwa pua katika uchafu wake. Wengine huchoka na kumtoa kabisa.

Ufafanuzi wa kwa nini kofi halisaidii ulianza kupatikana zaidi ya karne moja iliyopita, katika maabara za mtu ambaye kazi yake haikuwa kuwafundisha mbwa adabu za nyumbani. Mtu huyo ni Ivan Petrovich Pavlov wa Urusi.

Mtoto wa kasisi

Pavlov alizaliwa tarehe 26 Septemba mwaka 1849 katika mji wa Ryazan, kusini-mashariki mwa Moscow. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kasisi wa Kanisa la Othodoksi. Akiwa mdogo alianguka kutoka mahali pa juu na kuumia vibaya, akachelewa kuanza shule hadi alipofikisha umri wa miaka 11. Baadaye aliingia seminari ili afuate nyayo za baba yake.

Hata hivyo, vitabu vya sayansi vilimvuta kuliko madhabahu. Maandishi ya mwanafiziolojia Ivan Sechenov, aliyeeleza kazi za ubongo kwa misingi ya miitikio ya mwili isiyo ya hiari, yalimwathiri sana. Mwaka 1870 aliiacha seminari na kujiunga na Chuo Kikuu cha St Petersburg. Alihitimu mwaka 1875, akaendelea na masomo ya udaktari, na mwaka 1883 akawasilisha tasnifu juu ya mishipa ya fahamu inayoongoza moyo.

Miaka hiyo ilikuwa ya dhiki. Mwaka 1881 alimwoa Serafima Karchevskaya, na kwa muda mrefu wawili hao waliishi kwa kubahatisha. Kati ya mwaka 1884 na 1886 alisoma Ujerumani, katika miji ya Leipzig na Breslau. Nafasi ya kudumu aliipata mwaka 1890, alipoteuliwa kuwa profesa katika Chuo cha Tiba cha Jeshi. Mwaka uliofuata alikabidhiwa idara ya fiziolojia katika Taasisi ya Tiba ya Majaribio ya St Petersburg.

Siri za tumbo

Kazi yake ya kwanza kubwa ilihusu mmeng'enyo wa chakula. Watafiti wengi wa wakati huo waliwapasua wanyama na kuwachunguza kwa saa chache kabla hawajafa. Pavlov alitaka kuona mwili ukifanya kazi ukiwa mzima. Aliwafanyia mbwa upasuaji wakiwa wamepewa dawa ya usingizi, akazingatia usafi kama wa hospitali ya binadamu, akawaacha wapone, kisha akawachunguza kwa miezi au miaka. Kupitia tundu dogo alikusanya majimaji ya tumboni na kuyapima. Mbwa mmoja aliyepata umaarufu katika kazi hiyo aliitwa Druzhok, jina la Kirusi lenye maana ya rafiki mdogo.

Sifa hizo zisifiche upande wa pili. Mbwa wengi waliteseka na wengi walikufa. Hata majimaji ya matumbo yao yaliuzwa kama dawa kwa wagonjwa wa tumbo, na fedha zake zikasaidia kuendesha maabara. Wapinzani wa majaribio ya wanyama walimlaumu Pavlov akiwa hai, na mjadala huo haujakwisha.

Mwaka 1904 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, akiwa Mrusi wa kwanza kuipata. Mwaka huohuo wanafiziolojia kutoka nchi mbalimbali walifanya mkutano wao wa kimataifa mjini Brussels. Mji huo ulikwisha kuwa na taasisi yake ya fiziolojia, iliyojengwa kwa fedha za mwanaviwanda Ernest Solvay katika bustani ya Léopold, si mbali na mahali Matonge ilipo leo.

Utafiti huo wa mmeng'enyo unamgusa moja kwa moja mfugaji wa ghorofani. Chakula kikiingia tumboni, mwili huanzisha mfululizo wa kazi ambao mnyama hana amri nao, na utumbo mpana nao husukumwa kufanya kazi. Ndiyo maana mtoto wa mbwa huhitaji kutoka muda mfupi baada ya kula, kama anavyohitaji mara tu anapoamka au anapomaliza kucheza. Kibofu chake ni kidogo na misuli yake haijakomaa. Wa miezi miwili hawezi kujizuia kwa saa nyingi hata akitaka, na kumwadhibu kwa hilo ni sawa na kumwadhibu mtoto mchanga kwa kulowesha nepi.

Mate kabla ya chakula

Jambo lililolifanya jina la Pavlov lijulikane duniani kote lilianza kama usumbufu. Mbwa wake walidondokwa na mate kabla ya kupewa chakula. Ilitosha kumwona mhudumu aliyezoea kuwalisha au kusikia nyayo zake. Badala ya kulipuuza jambo hilo, Pavlov aliligeuza kuwa utafiti wa miaka 30 na zaidi.

Watu wengi hukumbuka kengele. Kwa kweli kengele ilikuwa ishara moja tu, na haikuwa ile aliyoitegemea zaidi. Yeye na wasaidizi wake walitumia taa, milio ya umeme, mguso wa ngozi na chombo cha kupimia mapigo ya muziki. Ishara ilitolewa, chakula kikafuata papo hapo. Baada ya kurudiwa mara kadhaa, ishara peke yake ilileta mate.

Muhimu zaidi zilikuwa kanuni zilizojitokeza. Ishara ilipaswa kutangulia chakula kwa muda mfupi. Ilipokuja baada ya chakula, mbwa hakujifunza kwa urahisi. Ishara iliyotolewa mara nyingi bila chakula ilipoteza nguvu. Lakini mbwa akipumzishwa, mwitikio uliodhaniwa umekufa uliweza kurudi.

Wafugaji wanaofaulu hufuata kanuni hizo, wawe wamesikia jina la Pavlov au la. Kijibwa hupelekwa nje kwa saa zilezile na mahali palepale, hata kama ni kushuka ngazi za ghorofa nne wakati wa baridi. Akimaliza kujisaidia, hupewa kitu kitamu au sifa palepale, si baada ya kurudi sebuleni. Harufu ya mahali hapo, majani au changarawe chini ya nyayo zake, na neno moja linalorudiwa, vyote huwa ishara. Harufu iliyobaki kwenye zulia nayo ni ishara, hivyo mahali alipokosea husafishwa kwa dawa inayoyeyusha kabisa mabaki ya mkojo. Dawa yenye amonia haifai, kwa kuwa inafanana na mkojo wenyewe. Na kijibwa aliyekaa wiki mbili bila kukosea akikojoa tena ndani, hajaasi. Mazoea ya zamani yamerudi, na dawa yake ni kuanza upya kwa utulivu. Akikojoa mara nyingi mno au kwa maumivu, huenda ana maambukizi, na hapo anayehitajika ni daktari wa mifugo.

Duara na yai

Mwaka 1914, katika maabara ya Pavlov, mtafiti Shenger-Krestovnikova alimfundisha mbwa kwamba umbo la duara huleta chakula na umbo lililorefuka kama yai haliletei kitu. Kisha umbo la pili lilifanywa lifanane na duara siku baada ya siku. Mbwa alijitahidi kwa wiki kadhaa, hadi tofauti ilipokuwa ndogo mno. Hapo mnyama aliyekuwa mtulivu alianza kubweka, kujipinda na kung'ata vifaa. Hata tofauti zilizokuwa rahisi kwake mwanzoni hakuziweza tena.

Tokeo hilo lilimshughulisha Pavlov kwa miaka yote iliyofuata. Lilionyesha kwamba mnyama asiyeweza kujua lipi litaleta heri na lipi litaleta shari huweza kuvurugika akili. Mtoto wa mbwa anayepigwa saa moja baada ya kukojoa yumo katika hali inayokaribia hiyo. Hawezi kuunganisha kofi la sasa na tendo la zamani. Anachokiunganisha ni kofi na mkono wa bwana wake, au kofi na sauti ya funguo mlangoni. Ule uso unaodhaniwa kuwa wa hatia ni woga. Matokeo yake ni kwamba hujifunza kukojoa mahali pa siri, nyuma ya kochi, na hukataa kujisaidia nje mbele ya mtu anayemwogopa.

Njaa, mafuriko na siasa

Mapinduzi ya mwaka 1917 yalimwacha Pavlov bila fedha zake za Nobel. Njaa iliyofuata iliwaua mbwa wengi wa maabara, na mwanasayansi huyo aliyekuwa na umri wa karibu miaka 70 alilima mboga ili familia yake iishi. Mwaka 1920 aliomba ruhusa ya kuhama nchi. Lenin hakutaka kumpoteza, na Januari mwaka 1921 serikali ilitoa amri maalumu ya kumhudumia yeye na utafiti wake. Alibaki, lakini hakunyamaza. Aliikosoa serikali hadharani, na mwaka 1934 aliwaandikia viongozi kupinga ugaidi waliokuwa wakiufanya dhidi ya raia.

Septemba mwaka 1924 mto Neva ulifurika na maji yakaingia katika maabara ya Leningrad. Mbwa walikutwa wakiogelea ndani ya vizimba, pua zikigusa dari. Kwa kuwa milango ya vizimba ilikuwa chini, wahudumu walilazimika kuwazamisha majini ili kuwatoa. Waliokolewa, lakini baadhi yao walikuwa wamepoteza kila walichojifunza. Mmoja alifundishwa upya kwa subira. Kisha maji kidogo tu yalipopitishwa chini ya mlango, hofu ilirudi na mafunzo yakayeyuka tena. Pavlov alitambua kwamba mbwa hawakuathirika kwa kiwango kimoja. Walikuwapo wenye moyo mgumu na wenye moyo mwepesi, na kila mmoja alihitaji kushughulikiwa kwa tabia yake.

Urithi

Agosti mwaka 1935 Leningrad na Moscow zilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa wa wanafiziolojia, na Pavlov, akiwa na miaka 85, aliuongoza. Mwezi huohuo sanamu ya mbwa ilizinduliwa katika bustani ya taasisi yake, kwa matakwa yake mwenyewe, kuwakumbuka wanyama waliotoa maisha yao kwa ajili ya elimu hiyo. Alifariki dunia kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 27 Februari mwaka 1936, akazikwa katika makaburi ya Volkovo mjini humo.

Elimu yake ilitumiwa baadaye katika tiba ya hofu za binadamu, shuleni, katika matangazo ya biashara na katika kila aina ya mafunzo ya wanyama. Wahenga wa Kiswahili walikwisha kusema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Pavlov aliongeza kipimo na saa: kiumbe mchanga hujifunza kutokana na kile kinachofuata mara moja baada ya tendo lake, wala si kutokana na hasira inayochelewa. Mbwa wa St Petersburg waliilipia elimu hiyo kwa gharama kubwa. Kijibwa wa leo hapaswi kuilipia tena.