Blasio Kigozi, Mhubiri wa Neno Moja

Wainjilisti na wazee wa kanisa wanaopewa zamu ya kuhubiri hutuuliza mara kwa mara: mahubiri yaanzeje, na yaishie wapi? Tumeona vema tuwajibu kwa kuwasimulia maisha ya mtumishi mmoja ambaye mahubiri yake yalikuwa na mwanzo wa kweli, na mwisho wake tunauona hadi leo.

Blasio Kigozi alikuwa Mganda, ndugu mdogo wa Simeon Nsibambi. Mwaka 1929 Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, kwenye kilima cha Namirembe, wakajifunza Biblia na kuomba pamoja. Daktari huyo alikuwa na hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda. Sisi wa Karagwe tukitazama machweo ya jua tunatazama upande huo. Kati yetu na wao ni mto Kagera. Mwaka uleule Blasio, kijana wa miaka kama ishirini, aliacha kwao akaenda Gahini kuwa mwalimu. Nchi ile ilikuwa imepigwa na njaa kali, na si wengi waliotamani kwenda kuishi huko.

Mwishoni mwa mwaka 1933, baada ya Krismasi, ulifanyika mkutano wa kiroho Gahini. Mafundisho yalitolewa siku kadhaa, na watu walisikiliza kwa utulivu. Siku ya mwisho, katika maombi ya kufunga mkutano, Mkristo mmoja alisimama akaungama dhambi zake. Wa pili akafuata, na wa tatu, na maombi hayo yakaendelea zaidi ya saa mbili. Hapo tujifunze kwamba mwisho wa mahubiri ni mlango. Mhubiri akishaufungua, anyamaze ili watu wapite. Wengi wetu tunasema tunamalizia, kisha tunaanza upya mara tatu, na yule aliyetaka kutubu anakwisha kuwaza chakula cha mchana.

Mwaka 1934 Blasio alipewa ushemasi. Alikuwa mwalimu mwenye bidii, lakini moyoni aliona kazi yake haina nguvu. Watu walimsikia, wakarudi makwao vilevile walivyokuja. Mwaka 1935 alijitenga katika nyumba yake ndogo juma zima, akiomba na kumtafuta Mungu. Alipotoka hakukimbilia mimbarani. Kwanza aliungama kwa wale aliokuwa amewakosea, wa nyumbani mwake wakiwamo. Ndipo akaanza kuhubiri, na watu wakatambua kwamba huyu si yule wa juzi.

Basi mahubiri yake yalianzia hapo. Mhubiri akisimama mbele yetu, tunajua kama ameomba na kama amepatana na jirani yake. Salamu ndefu, kuomba radhi kwa kutojiandaa, na habari za safari haviwezi kufunika upungufu huo.

Septemba 1935 Blasio alikuwa miongoni mwa waliohubiri Kabale, Uganda. Kisha akajiandaa kwenda Kampala kwa ajili ya sinodi ya Kanisa la Uganda, akiwa na mambo matatu tu. Aliuliza sababu ya Kanisa kuwa baridi na kama lililokufa. Alisikitika kwamba watu wanaoishi dhambini waziwazi huja kwenye Meza ya Bwana. Na akauliza lifanyike nini ili uamsho upatikane. Tazameni alivyoyapanga: alianza na hali ambayo kila msikilizaji aliijua, akaonyesha kidonda penyewe, akaishia na jambo la kutenda. Yote matatu yalibebwa na neno moja la Kiganda, zukuka, yaani amka.

Lakini homa ilimshika. Januari 1936 alifariki huko Kampala, hajafikisha hata miaka thelathini. Mtu angesema kwamba mahubiri yale yalikatika katikati. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1937, Kanisa la Uganda lilipotimiza miaka 60, neno lake likafanywa kuwa wito wa misheni iliyohubiriwa nchini kote. Kabla miaka ya 1930 haijaisha uamsho ulikuwa umevuka hadi upande wetu wa mto Kagera, ukafika Katoke. Wapo kati yetu ambao babu na bibi zao waliokolewa kwa moto huo, wakarudisha vitu walivyoiba na kupatana na jirani waliokuwa hawasemezani nao.

Ndugu mwenye zamu Jumapili ijayo, anza kwa magoti, na kama kuna mtu uliyemkosea, mwendee Jumamosi. Ukisimama, gusa mapema jambo linalowahusu walioketi mbele yako. Jua neno moja unalotaka waende nalo nyumbani. Ukiisha kulisema, waachie nafasi ya kulitii, ukae. Sisi tunaosikiliza nasi tuna sehemu yetu, kwa maana mwisho wa mahubiri hukamilishwa njiani na majumbani. Blasio hakuuona mwisho wa mahubiri yake, wala sisi si lazima tuuone wa kwetu.

Bwana atuamshe sote. Amina.