Andrée Blouin: mama aliyenyimwa dawa ya mtoto, akawaamsha wanawake wa Kongo

Katika vijiji vya Walikale na kwenye milima ya Masisi, mama mwenye mtoto wa homa anaijua vizuri safari ya kituo cha afya. Ni mwendo wa miguu, mara nyingine kwa njia ambayo watu wenye silaha wameifunga, na akifika hana uhakika kama dawa ya malaria ipo. Mwaka 1946, huko Bangui, mama mmoja wa miaka 24 alifika mahali ambapo dawa ilikuwapo. Alinyimwa kwa sababu ya damu ya mtoto wake.

Mtoto aliitwa René na alikuwa na miaka 2. Baba yake alikuwa Mfaransa, mama yake chotara. Kwa hesabu ya wakoloni, robo ya mtoto huyo ilikuwa ya Kiafrika, na kinini ilikuwa imetengwa kwa ajili ya Wazungu. Ni neno lile lile ambalo leo watu wengi wa Kivu wanalitumia kwa kidonge chochote. René alikufa kwa malaria.

Mama huyo ni Andrée Blouin. Miaka 14 baadaye alikuwa mkuu wa itifaki katika serikali ya Patrice Lumumba, baada ya kuzunguka vijiji vya Kongo akiandikisha wanawake katika chama chao wenyewe. Mwaka 1983 maisha yake yalitoka katika kitabu, na kifo cha René ndicho kiini chake. Aliandika kwamba siku ile ndipo alipoelewa kuwa ukoloni haukuwa bahati mbaya yake peke yake.

Alizaliwa Desemba 16, 1921 katika kijiji cha Bessou, Ubangi-Shari, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Baba yake, Pierre Gerbillat, alikuwa mfanyabiashara Mfaransa wa miaka 40 hivi. Mama yake, Joséphine Wouassimba, alikuwa msichana wa miaka 14. Andrée alipofikisha miaka 3, baba alimwondoa kwa mama na kumpeleka Brazzaville, katika nyumba ya masista iliyolea wasichana machotara. Wengi wao waliitwa yatima ilhali mama zao walikuwa hai.

Alikaa humo miaka 14. Katika kitabu anaeleza njaa, viboko, na masista waliowafundisha watoto kwamba wao ni tunda la dhambi. Walitaka kumwoza kwa mwanamume waliyemchagua wao, akakataa. Akiwa na miaka 17 aliruka ukuta na wenzake wawili, akakimbia.

Kwa upande wa Wabelgiji mambo hayakuwa tofauti. Watoto ambao walowezi na maofisa waliwazaa na wanawake weusi walichukuliwa na kupelekwa kwenye misheni. Shule ya Save, huko Rwanda, ndiyo inayojulikana zaidi katika ukanda wa Maziwa Makuu. Masisi, ambako Wazungu walijitwalia mashamba makubwa, haikuwa mbali na habari hizo.

Baada ya kutoroka, Andrée aliishi na Mbelgiji ambaye hakumuoa, akazaa naye binti, Rita. Kisha akaishi na Mfaransa, baba wa René. Hafichi haya kitabuni, wala hajipambi. Anasema wazi kwamba wanaume hao walimpenda nyumbani na kumwonea haya mbele ya watu.

Siasa ilimkuta Guinea, ambako mume wake, mhandisi André Blouin, alikuwa akifanya kazi. Mwaka 1958 aliingia katika kampeni ya Sékou Touré ya kupiga kura ya hapana dhidi ya katiba ya Jenerali de Gaulle. Septemba 28 mwaka huo Guinea ilikataa na ikajipatia uhuru. Huko Conakry ndiko alikojuana na Wakongomani waliokuwa wakitafuta njia yao, akiwemo Antoine Gizenga wa chama cha PSA.

Mapema mwaka 1960 alivuka kuja Kongo. Pamoja na Gizenga na Pierre Mulele alizunguka Kwango na Kwilu, akisimama katika kila kijiji kuongea na wamama. Kwa wiki chache tu, Chama cha Wanawake kwa Mshikamano wa Afrika kilihesabu wanachama kwa makumi ya maelfu. Kivu ilikuwa mbali na safari hizo. Huku chama kilichovuma kilikuwa CEREA cha Anicet Kashamura, ambaye baadaye alikuwa waziri wa habari katika serikali hiyo hiyo ya Lumumba.

Chama cha Blouin kilitaka kila mwanamke ajue kusoma na kuandika. Kilitaka usafi na afya nyumbani, kupiga vita ulevi, na kuwalinda wanawake walioachwa pamoja na watoto wao. Haya yanaweza kuonekana madogo leo. Lakini katika uchaguzi wa Mei 1960, ule uliomleta Lumumba madarakani, wanawake wa Kongo hawakupiga kura. Haki hiyo waliipata mwaka 1967. Wamama waliojiandikisha kwa Blouin walikuwa wanajenga nguvu nje ya mlango ambao ulikuwa bado umefungwa, na kati ya wanasiasa wa wakati huo ni wachache waliojali.

Wabelgiji walimwita mkomunisti na mambo mengine machafu zaidi, kama ilivyo kawaida kwa mwanamke anayeingia siasa. Walimfukuza kabla ya uhuru, akarudi. Magazeti ya Ulaya yaliunganisha jina lake na la waziri mkuu, yakaandika Lumum-Blouin. Mobutu alipofanya mapinduzi Septemba 14, 1960, alifukuzwa tena. Alikuwa ng'ambo Lumumba alipouawa Katanga Januari 17, 1961.

Aliishi Algiers, kisha Paris, nyumba yake ikiwa kituo cha wapigania uhuru. Kitabu chake kilitoka Marekani, kwa Kiingereza, kikiwa kimeandikwa kutokana na mazungumzo yake na mwandishi Jean MacKellar. Blouin hakukifurahia, na alijaribu kukizuia. Alitaka maandishi ya siasa, akaona wamempa hadithi ya maisha ya mwanamke. Hapo pengine alikosea: hotuba nyingi za mwaka 1960 zimesahauliwa, lakini msomaji wa René hasahau. Alikufa Paris Aprili 9, 1986, akiwa na miaka 64. Kitabu kilikuwa kigumu kupatikana kwa miaka mingi, hadi kilipochapishwa upya mwaka 2025.

Mengine aliyoyadai yalikuja polepole. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 bado ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kutia sahihi mkataba au kwenda mahakamani. Mama wa Masisi aliyetaka kununua shamba, au wa Walikale aliyetaka kusajili biashara yake, alihitaji mume akubali kwanza. Kifungu hicho kiliondolewa Julai 2016, miaka 30 baada ya Blouin kufa.

Na Desemba 2, 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu kwa kuwachukua watoto machotara wa Kongo kutoka kwa mama zao. Waliofungua kesi ni wanawake watano, wote sasa wazee, waliopelekwa kwa masista wa Katende, Kasai, kabla ya kufikisha miaka 7. Mahakama iliagiza kila mmoja alipwe euro 50,000.